Udongo mweusi wa msituni si ghala

Mwezi uliopita papa mmoja, yaani baba mmoja kwa Kiswahili chetu, aliingia ofisini kwangu hapa Bukavu na sashe ya udongo, akaimwaga mezani juu ya karatasi zangu. Udongo mweusi, mwepesi, wenye harufu ya mvua. "Angalia, Bwana agronomu. Hapa nitalima miaka ishirini bila mbolea." Alikuwa amenunua hekta mbili kando ya msitu, upande wa Bunyakiri, miti ingali imesimama. Nilimuuliza alichimba kina gani kuupata udongo ule. Akanionyesha kidole cha shahada: nusu yake.

Huyo ni wa nne msimu huu, na hoja yao ni moja: miti mirefu namna hii haiwezi kuota mahali pasipo na rutuba, basi ardhi imejaa chakula, fyeka, choma, panda, kula. Hoja inaingia akilini vizuri sana. Ndiyo maana inawala watu pesa za karo za watoto.

Piga magoti msituni ufunue majani. Juu kabisa ni ya mwezi huu, mazima, mengine bado yana rangi. Chini yake yamebaki mishipa mitupu, kama kipande cha wavu wa sambaza, wale samaki wadogo. Chini zaidi ni makombo meusi yaliyofumwa na nyuzi nyeupe za kuvu. Sasa vuta jani moja lililooza nusu. Litakuja na vimizizi vyembamba kama uzi wa kushonea, vimelikumbatia pande zote. Mti haungoji jani ligeuke udongo. Unalipora likiwa bado jani. Na hata kabla halijaanguka, mti umekwisha kurudisha matawini karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi yake, vyakula vikuu vya mmea.

Katika misitu ya mvua ya bondeni, hekta moja huangusha karibu tani 10 za majani na vijiti vikavu kwa mwaka, na sehemu kubwa huwa imeoza kabla mwaka mwingine haujaisha. Ghala liko wapi? Chakula kinaingia na kutoka, hakilali. Mwaka 1978 Nellie Stark na Carl Jordan walieleza jaribio lao kwenye msitu wa Mto Negro, Venezuela: walinyunyizia kalsiamu na fosforasi zenye mnururisho juu ya mkeka wa mizizi. Kilichopenya kwenda chini kilikuwa 0.1% tu.

Sisemi ardhini hamna kitu. Naitrojeni imo, lakini ndani ya mboji, na mboji inaishi kwa majani mapya yanayoshuka kila siku. Fosforasi nayo imo, lakini kwenye udongo mwekundu uliooshwa na mvua tangu enzi na enzi imeshikwa na chuma na aluminiamu, na haiachiliwi kwa urahisi.

Ukifyeka na kuchoma, naitrojeni nyingi inaondoka na moshi. Majivu yanabaki na potasiamu na kalsiamu, yanapunguza asidi, na mahindi ya msimu wa kwanza yanasimama kama askari. Hayo mahindi ndiyo yanayodanganya. Baada ya hapo mvua inaosha potasiamu, jua linapasha udongo uliozoea kivuli, bakteria wanaimaliza mboji na hakuna jani jipya la kuwalisha. Msimu wa tatu mwenye shamba analaumu mbegu. Wa nne analaumu jirani, na hapo maneno ya uchawi yanaanza. Wazee Warega walilima msimu mmoja au miwili, wakaacha shamba lirudi kichaka miaka mingi, na sisi tuliosoma tukawaita wavivu.

"Mbona shemeji yangu Rutshuru anavuna kila mwaka?" Kwa sababu shemeji yako analima juu ya majivu ya volkano, jiwe changa ambalo bado linatoa madini. Hilo ni jambo la mlima kutema moto. Msitu haukuhusika.

Kwa papa yule nilifanya hivi: nilimtuma alete udongo wa palepale, ila wa kina cha kiwiko. Ukaja mwekundu, unanata, hauna harufu. Tukapanda maharagi katika makopo mawili ya maziwa dirishani pangu, moja la udongo mweusi, jingine la mwekundu. Wiki mbili yalikuwa sawasawa, kwani mche hula akiba ya mbegu. Sasa yale ya kopo la udongo mwekundu majani ya chini yamekuwa njano.

Mengine nayasema upesi. Majani yaliyoanguka si uchafu. Kila asubuhi mtu anafagia chini ya mwavokado, anachoma, halafu anapanda hadi soko la Kadutu kununua mbolea. "Majivu si mbolea pia?" Ni mbolea ya potasiamu, migomba inayapenda. Naitrojeni usiitafute humo, uliifukuza mwenyewe.

Jongoo na minyoo waache. Wanatafuna kwanza, kuvu na bakteria wanamalizia. Mchwa anayekula mihogo ni kesi nyingine.

Udongo mweusi mzito wa huko juu Kahuzi? Mlima una mita 3,308, kuna baridi, majani yanaoza polepole, ndiyo maana yanarundikana. Weusi ule unaonyesha uvivu wa kuoza zaidi ya wingi wa chakula. Tena kule ni hifadhi, usiniulize habari ya kulima.

Na majani hayafanani. Ya mkaratusi ni magumu, yana lignini na tanini zinazochelewesha kuoza, naitrojeni kidogo. Ukiyafukia peke yake bakteria wataikopa naitrojeni ya maharagi yako ili wayaozeshe. Tithonia, ile yenye maua ya njano kando ya barabara, inaoza ndani ya wiki chache na ina naitrojeni karibu 3.5% ya uzito wake mkavu. Mimi huchanganya yote mawili, tithonia iwe nyingi, ikatwe kabla haijachanua, shina likiwa bado laini.

Papa wa sashe alikuwa na vichaka vya tithonia pande zote mbili za njia ya shambani kwake. Amevifyeka, amevichoma.