Rahisi huvunja upishi? Muulize nikeli

Mtu akisikia kiwanda kinageuza mabaki ya mimea kuwa kemikali kwa kichocheo (kitu kinachoharakisha badiliko la kemikali bila chenyewe kutumika) cha nikeli au shaba badala ya platini, metali ya bei mbaya, haraka anadhani hiyo ni njia ya wasio na pesa, itafanya kazi nusunusu.

Nikeli haikuanza jana. Mfaransa Paul Sabatier alipewa Nobeli mwaka 1912 kwa kuunganisha haidrojeni na kemikali kwa msaada wa unga wa metali, nikeli ikiwa mstari wa mbele. Mwaka 1927 Murray Raney wa Marekani akapata hataza ya mbinu yake: yeyusha nikeli na alumini pamoja, saga, kisha tia unga huo kwenye kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Povu linapanda, alumini inaliwa, inabaki nikeli yenye vitundu kama sifongo. Inatunzwa ndani ya maji, maana ikikauka hewani inaweza kuwaka yenyewe. Kichocheo cha namna hii ndicho hugeuza glukosi kuwa sobitoli, inayofanya dawa yako ya meno isikauke.

Wengine wamekariri kwamba kichocheo hakimaliziki, unakitumia milele. Kwenye daftari, sawa. Kiwandani kinafunikwa na kaboni, kinalemazwa na salfa, na maji ya moto yenye asidi yanakila taratibu. Hapo rutheni, metali ghali kweli, hujitetea kwa kuvumilia zaidi. Mhasibu makini haulizi tu bei ya kilo. Anauliza itadumu miezi mingapi. Kioja ni kwamba vichocheo vya nikeli na metali nyingine, molibdeni, vinavyogeuza mafuta ya mimea kuwa dizeli vinaitaka hiyohiyo salfa, na mafuta yakiwa nayo kidogo mno, mafundi wanaiongeza.

Halafu kuna wanaoamini ukipasha pumba za mbao bila hewa, kama kwenye tanuri la mkaa, unapata mafuta ya gari. Unapata kimiminika cheusi, kichachu kama siki, chenye maji tele, kisichochanganyika na dizeli. Kuondoa oksijeni yake ndiyo kazi yenyewe.

Na bei nafuu si usalama. Makapi ya miwa, kama ya kiwanda cha sukari cha Sezela huko Afrika Kusini, hutoa kemikali iitwayo furfurali. Kuigeuza kuwa alkoholi ya furfurili, ya kutengenezea gundi ya mchanga wa kalibu za kusubia vyuma, kichocheo kilichozoeleka duniani ni shaba na kromi. Kikichakaa, kromi hiyo ni taka ya hatari, ndiyo maana watafiti wanahangaika kupata shaba itakayofanya kazi bila mwenzake huyo.