Gambusi kuukuu: dhana potofu na ukweli wake

"Huu ni udi wa watoto." Ndiyo kauli ya kwanza watu waitoayo gambusi, ala ya muziki ya nyuzi, likishushwa darini, nayo ndiyo huzaa makosa yote ya baadaye. Tumbo la udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu, huungwa kwa vibanzi vyembamba vya mbao, uso wake ni ubao wenye tundu la nakshi, na nyuzi, aghalabu 11, hufungwa kwenye kidaraja, yaani kipande cha mbao kinachobeba nyuzi, kilichogandishwa usoni. Gambusi, ambalo wengine huliita kibangala na Wakomoro gabusi, huchongwa kwa gogo moja, tumbo na shingo pasipo kiungo, na kichwa chake hupinda kama mundu. Uso ni ngozi. Kwa mtindo wa Yemen nyuzi ni 7, jozi 3 na mmoja wa peke yake, zikifungwa kitakoni na kupita juu ya kidaraja kisichogandishwa.

Ngozi ikishaoza, mtu huweza kudhani ni upawa uliovunjika. Pitisha kidole ukingoni: msururu wa vitundu vya misumari midogo, ukoko wa gundi ya kahawia, pengine na vinyweleo vilivyonasa. Hapo paliwambwa ngozi.

"Lipige msasa, lipake vanishi." Ushahidi wote huo utaondoka na vumbi la msasa. Brashi laini, kavu, yatosha. Ukiona unga mpya chini ya matundu ya fukusi, wadudu watoboao mbao, wangali hai: legeza nyuzi, funga gambusi ndani ya mfuko wa plastiki, liweke wiki 2 kwenye friza ya Selsiasi 18 chini ya sifuri. Likitoka, usifungue mfuko kwa siku nzima, maana unyevu hutua kwenye mbao baridi.

"Ngozi yoyote itafaa." La hasha! Ngozi ya viatu imeshatiwa dawa. Hunyumbuka na kumeza sauti. Inayotakiwa ni ngozi mbichi ya mbuzi mdogo, iliyokwanguliwa manyoya, unene wa nusu milimita hivi. Iloweke usiku kucha katika maji baridi, ikamue, pakaza gundi ukingoni, iwambe kwa mkono bila nguvu nyingi, funga kamba kuzunguka tumbo, uanike kivulini siku 2 au zaidi. Ikikauka itajikaza yenyewe. Ukiivuta sana ikiwa imelowa, itabanduka au ipasue ukingo. Na jua hukausha kingo kabla ya katikati.

"Gundi nyeupe ya seremala ni imara zaidi." Ni kweli, na hapo ndipo penye tatizo: ngozi hubadilishwa kila inapochakaa, na kuing'oa kwenye gundi hiyo ni kung'oa na mbao. Tumia gundi ya wanyama: sehemu 1 ya chembe za gundi kavu kwa 2 za maji, zilowe, kisha pasha chombo ndani ya maji ya Selsiasi 60. Ikichemka imeharibika.

"Nyuzi za gitaa zitaongeza sauti." Nyuzi 6 za chuma za gitaa huvuta jumla ya kilo 60 na zaidi, ngozi hubonyea na shingo hupinda. Mshipi wa nailoni wa kuvulia, milimita 0.7, wenye urefu wa sentimita 55 kutoka kichwani hadi kidarajani, ukikazwa hadi herzi 220 (mitetemo 220 kwa sekunde) huvuta kilo 2.6 tu kwa uzi mmoja. Kaza kidogo kidogo. Nailoni mpya hulegea siku kadhaa kabla ya kutulia.