Kwa nini mabango ya Olimpiki ya Munich 1972 hayakuwa na rangi nyekundu?

Yatazame vizuri mabango ya Olimpiki ya Munich ya mwaka 1972. Utaona buluu ya anga, kijani, chungwa, manjano, fedha. Nyekundu na nyeusi utazitafuta hadi uchoke.

Aliyezikataa ni Otl Aicher, mbunifu aliyekabidhiwa mwaka 1967 kazi ya kuipa michezo hiyo sura yake. Mara ya mwisho Ujerumani kuandaa Olimpiki ilikuwa 1936, enzi za Hitler, na Berlin ilijaa bendera nyekundu zenye alama nyeusi ya Wanazi. Aicher wakati huo alikuwa na miaka 14. Aligoma kujiunga na umoja wa vijana wa Hitler, na mwaka 1937 akakamatwa. Rafiki zake Hans na Sophie Scholl, kaka na dada waliosambaza vipeperushi vya kuupinga utawala ule, walikatwa vichwa Februari 1943, katika gereza la Munich hiyohiyo. Baadaye Aicher alimwoa dada yao, Inge.

Ndiyo maana alipopewa Olimpiki mikononi mwake, rangi alizifuata nje, kwenye mbingu, maziwa na milima ya Bavaria, jimbo lenye mji wa Munich.

Na wanamichezo je? Bango rasmi la 1936 lilikuwa na jitu lenye shada la ushindi kichwani, likiinuka nyuma ya sanamu za juu ya Lango la Brandenburg, lango maarufu la Berlin. Aicher na wenzake walichukua picha za kawaida za wanamichezo wakiwa kazini, wakazipunguza hadi zikabaki ngazi chache tu za mwanga na kivuli, kisha kila ngazi ikapewa rangi moja bapa. Sogeza uso karibu na bega la mkimbiaji: huoni ngozi, unaona mabaka ya rangi yenye kingo kali, kama visiwa kwenye ramani. Rudi nyuma hatua tatu, misuli inajikusanya na mwili unaanza kukimbia. Mimi naipenda mno hatua hiyo ya tatu. Kinachobaki machoni ni mwendo; taifa la mtu hulioni.

Waandaaji waliiita Michezo ya Furaha. Furaha hiyo ilikatika tarehe 5 Septemba, wanamichezo, makocha na waamuzi 11 wa Israel waliposhambuliwa; hadi usiku wa kuamkia tarehe 6 wote walikuwa wameuawa. Siku tatu kabla ya shambulio hilo, John Akii-Bua wa Uganda alikuwa amepangwa njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa yenye kona kali kuliko zote, katika fainali ya mita 400 kuruka viunzi. Alimaliza kwa sekunde 47.82, binadamu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Bendera ya nchi yake ikapanda mlingotini juu ya uwanja ule wa buluu na kijani: nyeusi, njano na nyekundu.