Wayahudi na Wakristo wa mwanzo: tunayoyaamini na yaliyotokea

Dhana: Yesu na Paulo waliuacha Uyahudi.
Si kweli. Yesu alitahiriwa siku ya nane, akafundisha katika masinagogi, akapanda Yerusalemu kwa ajili ya Pasaka. Paulo naye, miaka mingi baada ya safari ya Dameski, anawauliza Warumi kama Mungu amewasukumia mbali watu wake, na anajijibu mwenyewe: "Hasha! Kwa maana mimi nami ni Mwisraeli." Maneno makali tunayoyasoma kwenye Injili ni ugomvi wa ndugu wa nyumba moja.

Dhana: Walitengana mara moja, hekalu lilipobomolewa mwaka 70.
Kubomolewa kwa hekalu kulipanua ufa, na vita vya Bar Kokhba (132–135), uasi wa Wayahudi dhidi ya Warumi, vikaupanua zaidi. Lakini tazama Antiokia mwaka 386, miaka zaidi ya 300 baada ya hekalu kubomolewa. Padri Yohane Krisostomo yuko mimbarini anawakaripia waumini wake mwenyewe: wanakwenda sinagogi kusikiliza baragumu za mwaka mpya wa Kiyahudi, wanafunga pamoja na Wayahudi, na wengine wanaamini kwamba kiapo cha sinagogini kina nguvu kuliko cha kanisani. Yaani watu wa kawaida walikuwa bado wanashirikiana vizuri tu! Ili kuwatenga, Krisostomo aliliita sinagogi danguro, pango la wanyang'anyi, makao ya pepo. Waliokaripiwa ni Wakristo, waliochafuliwa ni Wayahudi.

Mwaka 388, huko Callinicum kando ya mto Frati, Wakristo walichoma sinagogi. Kaisari Theodosius aliamuru askofu wa pale alijenge upya. Ambrose, askofu wa Milano, alimbana mpaka akaifuta amri hiyo. Kwangu mimi, hapo ndipo mambo yalipoharibika: mhubiri sasa alikuwa na sikio la dola.

Dhana: Chuki hii dhidi ya Wayahudi ilianza na Wakristo.
Hapana. Mwaka 38, Wayahudi wa Aleksandria walivamiwa na wenzao wa mjini waliokuwa wapagani. Kilichoongezwa na wahubiri wa Kikristo ni sababu ya kidini.

Dhana: Wayahudi ndio waliomwua Yesu.
Hii ndiyo sababu yenyewe ya kidini, na bado unaisikia Ijumaa Kuu. Wakuu wa makuhani walimshtaki, ndiyo, lakini msalaba ulikuwa adhabu ya Kirumi na hukumu ilitoka kwa Pontio Pilato. Wayahudi wengi wakati huo waliishi mbali, Roma, Aleksandria, Babeli, wala hawakuwa na habari. Hata hivyo, katika karne ya pili Melito, askofu wa Sardi, alishalishtaki taifa zima kwa kumwua Mungu, na mwaka 1096 wapiganaji wa msalaba waliwachinja Wayahudi wa Worms na Mainz wakidai wanalipiza kisasi cha Kristo.

Kanisa Katoliki lilitamka rasmi tarehe 28 Oktoba 1965, katika tamko la Nostra Aetate, kwamba mateso ya Yesu hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule, wala Wayahudi wa leo. Padri anayehubiri kinyume cha hapo anapingana na kanisa lake mwenyewe.