Ile 99.99 kwenye majibu ya DNA

Watu wakifungua bahasha ya majibu ya kipimo cha kujua baba wa mtoto, macho huruka kila kitu na kutua kwenye namba moja: 99.99. Wapo wanaoinua uso na kuniuliza, "Sasa hiyo 0.01 iliyobaki ni ya nani?" Nimekaa maabara miaka mingi nikisoma vinasaba vya watu, na hakuna swali linalonichukua muda kulijibu kama hilo.

Kwanza, namba hiyo haisemi kwamba mtoto amefanana na baba kwa asilimia 99.99. Watu wowote wawili, hata wasiojuana kabisa, wanafanana vinasaba kwa zaidi ya asilimia 99. Tungekuwa tunapima kufanana, kila mwanamume angekuwa baba wa kila mtoto. Sisi tunakwenda kwenye vijisehemu vichache ambako watu hutofautiana.

Chukua eneo liitwalo TH01, kwenye kromosomu ya 11, moja ya vifurushi vinavyobeba DNA yetu. Hapo kuna herufi nne za DNA zinazojirudia kama kiitikio cha wimbo: kwa huyu mara 6, kwa yule mara 9. Kila mtu ana namba mbili, moja ya mama na moja ya baba. Tuseme mtoto ana 7 na 9, na mama yake ana 6 na 7. Ile 7 kaipata kwa mama, kwa hiyo 9 lazima imetoka kwa baba. Mwanamume anayepimwa tukamkuta na 8 na 9. Anayo! Je, ndiye? Bado, maana wenye 9 ni wengi. Tuseme katika jamii yao, kati ya kila namba kumi, moja ni 9. Huyu akiwa baba, nafasi yake ya kumrithisha mtoto hiyo 9 ni nusu. Mwanamume mwingine yeyote wa kuokota njiani nafasi yake ni moja kwa kumi. Gawanya nusu kwa sehemu ya kumi, unapata 5. Yaani majibu haya yanatarajiwa mara tano zaidi kama baba ni huyu kuliko kama baba ni mtu baki.

Tano haitoshi kitu. Lakini tunasoma maeneo 15, 20 au zaidi, na namba zake zinazidishwa, hazijumlishwi. Hata kama kila eneo lingetoa 3 tu, maeneo 15 yanakupa zaidi ya milioni 14. Kisha tunageuza kuwa asilimia kwa kuanza na dhana kwamba kabla ya kipimo ilikuwa nusu kwa nusu. Uzito wa ushahidi, yaani jibu la kuzidisha huko, ukifika 10,000, unaandika 99.99. Kwa hiyo ile 0.01 si ya jirani. Ni adabu ya hesabu tu, ambayo haijui kutamka 100.

Kukataa ni rahisi zaidi. Namba za mtoto zisipooana na za mwanamume katika maeneo mengi, ametoka, si baba. Eneo moja peke yake likigoma hatumtoi, kwa sababu vinasaba navyo hubadilika vikinakiliwa. Katika maeneo haya, mabadiliko hutokea takriban mara moja hadi nne katika kila urithishaji elfu moja, yakipungua au kuzidi kulingana na eneo. Ukisoma maeneo 20, kukuta baba halali na mwanawe wanatofautiana katika moja si jambo la kushtua. Maabara inayomtoa mtu kwa tofauti moja, mimi nisingeipelekea sampuli zangu.

Wahenga waliposema kitanda hakizai haramu walikuwa wanalinda nyumba na mtoto aliyemo. Mashine yangu haijui kitanda. Inavuta vipande vya DNA kwa umeme, vifupi vikatangulia na virefu vikachelewa, kisha inachora milima, kila mlima kwa namba moja. Mtu mmoja, katika kila eneo, huonyesha mlima mmoja au miwili. Siku moja nilikuta mtoto mchanga ana mitatu, eneo baada ya eneo. Milima ya ziada ilikuwa ya mama yake: alikuwa ametoka kunyonya, kinywa kimejaa chembe za mama. Tulisubiri, tukamsafisha mdomo, tukachukua upya, ikabaki miwili.

Ndiyo maana nasumbua sana watu kuhusu sampuli. Kijiti cha pamba kinasuguliwa ndani ya shavu karibu nusu dakika, kinaachwa kikauke, kinafungwa kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa plastiki, maana unyevu ukibaki humo vijidudu vinastawi na kuila DNA kabla sijaiona. Nywele za kinyozi pia usiniletee, maana unywele uliokatwa bila shina hauna karibu chochote cha kunisaidia kwa kipimo hiki. Sisi tunanakili DNA kwa mizunguko kama 28, kila mzunguko ukizidisha mara mbili, na kwa hesabu ya karatasi kipande kimoja kinazaa zaidi ya nakala milioni 200. Uchafu nao unanakiliwa vivyo hivyo. Polisi wa Ujerumani walimsaka kwa miaka mwanamke mmoja ambaye DNA yake ilionekana katika makumi ya matukio ya uhalifu, pamoja na mauaji ya askari huko Heilbronn mwaka 2007. Mwaka 2009 ikabainika kwamba hakuwa mhalifu hata kidogo. DNA ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda, imo tayari kwenye vijiti vya pamba. Vijiti vilikuwa vimeuliwa vijidudu, lakini kuua vijidudu hakuondoi DNA.

Damu nayo ina mambo yake. Aliyepandikizwa uboho, yaani ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu, damu yake hubeba vinasaba vya aliyemchangia, na ukimpima kwa damu unaweza kumkana mtoto wake wa kumzaa. Mapacha wa kufanana ndio kabisa: kipimo cha kawaida hakiwatenganishi.

Baba akiwa hayupo, kazi inakuwa nzito lakini haishindikani. Hata kesi ya kwanza ya familia, Uingereza mwaka 1985, baba hakupimwa. Kijana wa familia yenye asili ya Ghana alizuiwa kuingia nchini kwa shaka kwamba mama hakuwa mama yake, pengine ni mtoto wa dada yake. Mwanasayansi Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, aliyegundua mbinu ya kutambua watu kwa DNA mwaka uliotangulia, alimpima kijana pamoja na mama na watoto wake wengine, akaonyesha kwamba ni mwanawe. Leo tunaweza kutumia babu na bibi wa upande wa baba, na wakiwepo wote wawili majibu huwa mazuri. Ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali hunipa shida: kwa wastani namba walizorithi kwa pamoja ni robo tu, na mara nyingine naishia kuandika kwamba ushahidi hautoshi. Kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, husaidia kwa wanaume, ila baba, babu, amu na kaka wote wanayo ile ile. Inakwambia ukoo, haikutajii mtu.

Sasa rudi kwenye yale maneno "mtu baki". Hesabu yote niliyoeleza inamlinganisha anayepimwa na mwanamume asiye ndugu yake. Kaka yake wa baba na mama amerithi pamoja naye karibu nusu ya namba hizo, hivyo anaweza kupita maeneo mengi ambayo mgeni angekwama. Nikijua mapema, naongeza maeneo na kubadili hesabu, na ikiwezekana nawapima wote wawili. Kwa hiyo fomu yangu ina mstari unaouliza kama kuna ndugu wa kiume wa anayepimwa ambaye naye anaweza kuwa baba. Wengi huuruka, wengine hucheka. Mama mmoja alisimamisha kalamu juu ya mstari ule muda mrefu, kisha akaniomba mumewe atoke nje kwanza.