Hakuna mtoto wa dawa

Wanaosubiri kupandikizwa kiinitete, yaani mimba changa iliyotungwa maabara na kugandishwa, wana neno lao. Nimelisikia tena wiki hii, na safari hii limetoka kwa mwalimu wa baiolojia: "Daktari, nataka mzunguko wa asili, sitaki mtoto wa dawa." Mume anaitikia kwa kichwa. Mama mkwe, aliyepanda gari kutoka Muheza kwa ajili ya shughuli hii, anakazia kwamba madawa yanaunguza kizazi.

Jamani, kiinitete chenyewe kilishatengenezwa! Kimelala kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, tangu ule mwezi mliochomwa sindano za kupevusha mayai, na dawa kali za safari nzima zilikuwa zile. Kilichobaki ni kuutayarisha ukuta wa ndani wa mji wa mimba ukipokee. Asili au dawa, swali ni moja: homoni za kuutayarisha zitoke kwenye ovari zako au kwenye boksi la duka la dawa? Estradioli, homoni inayounenepesha ukuta huo, ya kidonge ikishaingia mwilini ni ileile inayotengenezwa na ovari. Projesteroni, inayoukomaza ukuta uipokee mimba, vivyo hivyo. Kiinitete hakiulizi imetoka wapi.

Kwa njia ya asili tunakifuatilia kifuko cha yai kwa altrasaundi. Kikikaribia milimita 18 tunasubiri LH, homoni ya mwili inayolitoa yai, ipande, au tunachoma sindano ya hCG yai litoke. Siku kama 5 baada ya yai kutoka, kiinitete cha siku 5 kinawekwa. Wengi tunaongeza na projesteroni kidogo, kwa hiyo hata hiyo asili yenu ina sindano na vidonge ndani yake. Kwa njia ya dawa, estradioli miligramu 6 kwa siku tangu mwanzo wa hedhi, altrasaundi baada ya siku 10 hadi 14, ukuta ukifika milimita 7 tunaanza projesteroni, na siku ya 6 ya projesteroni kiinitete kinaingia. Hizo milimita 7 tunazitamka kama aya, lakini mimi nimeona ukuta wa 6 na nusu ukashika mimba na wa 11 ukakataa. Nazipima kwa sababu sina kipimo bora zaidi.

Kushika mimba, basi, ni kupi kunashinda? Uholanzi waliwagawa wanawake kwa bahati nasibu, matokeo ya 959 kati yao yakachapishwa 2016: waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 11.5 kwa njia ya asili na 8.8 kwa njia ya dawa, tofauti ambayo kitakwimu haikuthibitika. Hapo sina la kuongeza.

Penye uzito ni mahali ambapo hakuna anayeniuliza. Yai likitoka, kile kifuko kilichobaki ovarini hugeuka korpasi luteamu, na hicho ndicho kinachoilisha mimba projesteroni mpaka kondo la nyuma lianze kujitegemea, wiki ya 7 hadi ya 9 hivi. Kwenye mzunguko wa dawa ovari zimefungwa kama duka siku ya Idd: hakuna yai lililotoka, hakuna korpasi luteamu. Projesteroni yote iliyo mwilini mwako ni ile uliyoiweka kwa mkono wako. Halafu dada anapima, mistari miwili, anampigia wifi yake, wifi anamwambia "sasa acha hayo madawa, yatamdhuru mtoto," naye anaacha wiki ya 5! Huko ndiko kumdhuru. Dawa inaendelea hadi wiki ya 10 au 12, na kuisimamisha ni kazi yangu, si ya wifi.

Na msiziweke kwenye dashibodi ya basi. Zile za kuweka ukeni zenye umbo la risasi zimetengenezwa kwa mafuta yanayoyeyuka kwa joto la mwili. Kutoka Dar hadi Segera juani zinafika maji. Nimefunguliwa boksi mezani, ndani kuna uji mweupe kwenye karatasi ya fedha, na mwenyewe anauliza kama akiugandisha tena kwenye friji utafaa. Haufai.

Korpasi luteamu hiyohiyo inatoa na vitu vingine, kama rilaksini, ambavyo hatuviweki kwenye kidonge. Tafiti nyingi zimeona presha ya mimba na priklampsia (hali inayotangulia kifafa cha mimba) vikitokea zaidi kwa waliopandikizwa kwa njia ya dawa. Nyingi ni za kufuatilia tu, na wanaopewa dawa mara nyingi ndio wenye mizunguko iliyovurugika na uzito mkubwa, ambao presha ilikuwa inawanyemelea hata hivyo. Ila wakichuja hayo, tofauti haifutiki. Mimi nimekubali kuiamini nusu: mwenye hedhi inayokuja kwa wakati namshauri asili, kwa ajili ya presha yake yeye, wala si usafi wa mtoto. Anayepata hedhi mara tatu kwa mwaka sina cha kumfuatilia, huyo atatumia dawa, na presha nitampima mapema na mara kwa mara.

Lakini kliniki iko Dar, kilomita 350 hivi kutoka hapa Tanga, na yai halijui Jumapili wala kwamba maabara imefungwa. Mwenye pa kulala Dar wiki nzima anaweza kulisubiri. Wa Pangani mwenye duka na watoto wa kaka yake nyumbani huenda akahitaji tarehe inayosogezeka, na dawa zinampa hiyo. Sababu hiyo ni halali kabisa, asione haya kunitajia.

Ramadhani nayo. Estradioli tunaigawa: futari, kabla ya kulala, daku. Projesteroni ya ukeni ni mara mbili, na kwa bahati nzuri usiku wetu huku ni mrefu wa kutosha: moja baada ya futari, nyingine kabla ya adhana ya alfajiri. Kama ya mchana inafunguza au haifunguzi, muulizeni shehe, tena kabla ya mwandamo. Msije mkaniambia siku ya 4 ya projesteroni kwamba mlikuwa mnaruka ya asubuhi.