Je, wajua kwa nini bastola ya stenlesi haiharibiki kwa msasa, lakini hushika kutu mahali usipopaona?

Kwa muda mrefu nilikuwa na imani moja ambayo sikuwahi kuijadili na mtu, kwa sababu niliona haina mjadala: kwamba mng'ao wa bastola ya stenlesi, ile feleji iitwayo "chuma kisichoshika kutu", ni koti. Yaani ndani kuna chuma cha kawaida, nje kumepakwa kitu kinachong'aa, na siku utakayokichubua kitu hicho ndiyo siku kutu itakapopata mlango. Basi nilipomwona fundi wa silaha akipitisha msasa laini ubavuni mwa slaidi ya bastola ya mteja, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, nilishtuka. Nikamuuliza ataipaka nini baadaye. "Sipaki kitu," akasema, akaifuta kwa kitambaa na kuendelea na kazi.

Kosa langu lilikuwa na sababu. Bastola nyingi zinazong'aa zina koti kweli: zimechovywa nikeli au kromiamu, na hizo ukizipiga msasa umeziharibu. Hata zile nyeusi za jadi zina tabaka. Huchemshwa katika chumvi kali za soda, kwenye nyuzi 140 hivi za Selsiasi, mpaka uso wa feleji ugeuke magnetaiti, oksidi nyeusi ya chuma ambayo kwa kweli ni ndugu wa kutu aliyefunzwa adabu. Kwa macho matupu, nikeli na stenlesi hufanana mno. Lakini stenlesi ni stenlesi mpaka kwenye uboho. Ikate katikati na utakuta kiini chake ni kilekile kilichokuwa usoni.

Na hapo nilipodhani nimeelewa, nikakosea tena kwa upande wa pili. Nikaanza kusema kwamba stenlesi haina tabaka lolote. Inalo, ila hakuna aliyelipaka. Feleji hii ina kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi, na kromiamu iliyo usoni hukamata oksijeni ya hewani na kujitengenezea utando wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo ndio kinga yote.

Fikiria bwawa lililofunikwa na magugu madogo ya kijani yanayoelea. Ukitupa jiwe, kifuniko kinapasuka na maji meusi yanaonekana. Subiri kidogo, magugu ya kando yanasogea na shimo linajifunga. Hakuna aliyeleta magugu mapya. Yalikuwa humohumo bwawani. Msasa wa fundi ni lile jiwe. Unaondoa utando, lakini chini yake kuna kromiamu nyingine inayoisubiri hewa, na utando huanza kurudi papo hapo, ingawa hukomaa polepole zaidi. Kwenye feleji ya kawaida, oksidi inayojitokeza ni ya chuma. Nayo huvimba, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hupasuka na kubanduka, ikiuacha uso mpya wazi uliwe tena.

Bwawa hilohilo linaeleza pia kwa nini ipo asilimia ya chini. Magugu yakiwa machache mno, shimo halijifungi. Na hapa ndipo jina "chuma kisichoshika kutu" linapowadanganya watu, kwa sababu stenlesi ya bastola si ile ya sufuria na sinki. Ya jikoni huwa na kromiamu asilimia 18 na nikeli 8 hivi, lakini haikubali kukomazwa kwa moto. Mtutu na slaidi vinahitaji feleji ngumu, kwa hiyo aina zinazotumika sana, kama 410 na 416, zina kromiamu ya asilimia 11.5 hadi 14 tu. Ile 416 tena huongezewa salfa ili ichongeke kwa urahisi, na kila punje ya salfa ni kama kijiti kilichochomoza majini: magugu hayafungani vizuri kukizunguka.

Kisha lije jasho. Kloridi iliyo katika chumvi ya jasho hutoboa utando mahali padogo sana. Ndani ya kitundu hicho oksijeni huisha, maji hugeuka tindikali, na utando hauwezi kurudi. Kutu haienei juu juu. Inachimba kwenda chini. Ndiyo maana bastola ya stenlesi inaweza kung'aa kote na bado iwe na vitobo chini ya vibao vya mpini, ambako jasho huingia na hewa haipiti. Kinachoilinda ni hewa, nasi tunaificha isipate hewa tukidhani tunaitunza.

Kuna kinaya cha kihistoria hapa. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, mtaalamu wa metali Harry Brearley alikuwa akitafuta feleji ya mitutu ya bunduki isiyolika kwa joto la risasi. Akapata mchanganyiko wenye kromiamu ya asilimia 12.8 ambao ulikataa kuliwa na tindikali na siki. (Hadithi ya namna alivyogundua husimuliwa kwa njia zaidi ya moja, na Wajerumani wa kampuni ya feleji ya Krupp walikuwa na stenlesi yao wakati huohuo.) Feleji iliyotafutwa kwa ajili ya mitutu ikaishia kwenye visu vya mezani. Bastola ilingoja sana: watengenezaji wa silaha wa Marekani, Smith & Wesson, walitoa Model 60, rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya kwanza ya stenlesi kuuzwa kwa kawaida, mwaka 1965.

Kama stenlesi hujiponya, kwa nini basi watu huipaka? Wengi wanataka isimetemete, au wanataka nyeusi. Zile chumvi za soda haziifai: utando uleule unaozuia kutu huzuia pia weusi. Kwa hiyo hupuliziwa rangi ya mchanganyiko wa plastiki na kauri, kama Cerakote, kisha huokwa tanurini, kwa kawaida nyuzi 120 hivi kwa saa mbili, joto dogo mno kulegeza feleji.

Rangi hiyo haishiki uso laini. Kwanza mafuta yote huondolewa, kisha uso hupigwa kwa upepo wenye chembe za oksidi ya alumini mpaka ukwaruzike na kuwa na meno. Chembe hizo zikiwa zimetumika kabla kwenye feleji ya kawaida, vipande vya chuma hukwama usoni na kuanza kuota kutu. Brashi ya waya wa chuma hufanya hivyohivyo. Mimi huiita kutu ya kuazima, maana si ya bastola. Mafundi huiondoa kwa tindikali ya limau au ya nitriki, na wengi hudhani tindikali hiyo inaacha koti. Haiachi kitu, inaondoa tu chuma mgeni. Kwa 416 huhitaji uangalifu, kwani ile salfa huweza kuufanya uso uliwe.

Tofauti ya unene inashangaza. Rangi hiyo huwa mikromita 25 hivi, na mikromita moja ni nanomita elfu moja. Kama utando wa asili ungekuwa mnene kama karatasi, rangi ingekuwa na unene wa kama mita moja. Ndiyo sababu fundi huziba mdomo wa mtutu na chemba, yaani tundu risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa, kabla ya kupuliza: pande mbili zikipakwa, nafasi kati yake hupungua kwa mikromita 50, na slaidi iliyokuwa ikiteleza huanza kukwama. Ama saa nyingi za jaribio la ukungu wa chumvi, ambapo kipande hupuliziwa maji ya chumvi ndani ya kasha mpaka kishike kutu, zinazotajwa kwenye matangazo, zipime kwa tahadhari. Kasha la maabara si kiuno cha mtu, na saa zake hazigeuzwi kuwa miaka ya matumizi.

Baadaye fundi yule aliilegeza skrubu na kuvitoa vibao vya mpini. Kulikuwa na madoa matatu ya kahawia, yote upande unaogusa mwili. Mawili yalitoka kwa brashi ya nailoni na mafuta, yakaacha uso laini: kutu ya kuazima. La tatu lilitoka pia, lakini akanishika kidole na kunipitishia ukucha pale lilipokuwa. Ukucha ulikwama.